Je, Dawa ya Shinikizo la Damu Inatosha Kulinda Mishipa?

Swali: Daktari, ninameza dawa ya shinikizo la damu kila siku. Je, ateri zangu (mishipa inayotoa damu moyoni) bado zinaweza kujaa mafuta?

Jibu: Ndiyo, ndugu msomaji, kwa sababu dawa hiyo hushusha shinikizo tu, si kolesteroli (aina ya mafuta yaliyo kwenye damu). Shinikizo lililokaa juu kwa miaka mingi hujeruhi ukuta wa ndani wa ateri, na hapo ndipo kolesteroli mbaya hupenya, ikajikusanya na kuipunguza njia ya damu. Sigara na kisukari huharakisha sana madhara hayo; umri na kurithi navyo huchangia. Ninakusihi upime kolesteroli pia, maana haina dalili, na wagonjwa wengi ninaowahudumia hudhani kuwa kupima shinikizo pekee kunatosha. Dawa usiiache, hata kipimo cha shinikizo kikishuka chini ya 140/90, bila kumwona daktari wako.