Kijana anataka kuishi kwa tarumbeta

Shikamoo mama. Umesema mwanao amemaliza kidato cha nne hapo Tukuyu, anapuliza tarumbeta kwenye bendi ya kanisa, na anataka muziki wa klasiki uwe kazi yake. Baba anataka aende VETA, chuo cha ufundi. Naomba msimkatishe tamaa, ila asikimbilie chuo kabla ya kujiandaa.

Kwanza ajue kusoma nota za mistari mitano. Wengi wetu tumekulia kwenye do-re-mi za kwaya, na kwa kazi hii hazitoshi. Aelewe pia chombo chake: tarumbeta ya kawaida ni ya B flati. Akipuliza C iliyoandikwa, inayosikika ni B flati, kwa hiyo akisoma nota za kinanda bila kuzihamisha atapishana na mpiga kinanda. Kila asubuhi apulize sauti ndefu: aanze taratibu, akuze, ashushe tena bila sauti kuyumba. Nusu saa ya hivyo kila siku inamjenga kuliko saa nne za Jumamosi, maana midomo nayo ni misuli.

Shahada ya muziki ipo Chuo Kikuu cha Makumira, Arusha. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, nayo inafundisha muziki.

Kuhusu kipato, nisikufiche: okestra za kumwajiri hapa nchini ni shida kupata. Wapulizaji wanaajiriwa zaidi kwenye bendi za polisi na jeshi, wengine wanafundisha. Kwa hiyo hoja ya baba ina uzito. Asome umeme VETA, na tarumbeta asiiache hata siku moja.