Unataka kuwa daktari wa akili? Anza na bodaboda

Kijana mmoja anayemalizia intanishipu kaniandikia wiki iliyopita: "Shikamoo dokta. Napenda magonjwa ya akili ila nyumbani wanataka nisomee upasuaji. Nifanyeje?" Marahaba mwanangu. Nakujibu hapahapa, maana najua wengi mnaonisoma mna koti jeupe tayari au mnalitamani, na swali lenu ni hilohilo.

Mimi nilipotangaza kwetu, mjomba aliniuliza mbele ya ukoo kama nimekosa nafasi kwingine. Kazini nikaitwa "dokta wa vichaa", tena na watu waliosoma. Bosi wangu wa kwanza alininyima pikipiki ya idara kwa hoja kwamba wagonjwa wangu hawafi. Hawafi! Nimemsamehe, ila sijasahau. Baadaye ndugu zake wenye sonona walikuwa wanaletwa kwangu jioni, watu wakishaondoka.

Masomo nayaruka, mitihani ni mitihani.

Kazi yenyewe nilifundishwa na banda la mbuzi. Kuna mama alikuwa anakuja kliniki kila mwezi kuchukua dawa za mwanawe, na kila nikimuuliza yuko wapi, ananiambia yuko shamba. Siku moja nikapanda bodaboda kwa hela yangu. Kijana nikamkuta ndani ya banda la mbuzi, amefungwa mnyororo kwenye gogo, kidonda kimemla juu ya kifundo cha mguu, sahani ya ugali mkavu imesukumwa kwake kwa fimbo. Vidonge vyote vilikuwa ndani juu ya kabati, kwenye kopo la majani ya chai. Haloperidoli, dawa yenyewe ya akili aliyoandikiwa, ilimkaza shingo na ulimi siku ya kwanza tu, wakadhani anakata roho, wakaacha. Hakuna aliyewaambia kwamba kukaza kule kuna dawa yake. Ningebaki ofisini ningeandika "hapati nafuu" na kumwongezea dozi.

Tulianza upya kwa dozi ndogo pamoja na benzheksoli ya kulegeza misuli, halafu tukahamia sindano ya kila mwezi. Alipotulia, mnyororo aliufungua baba yake. Mimi nilikataa makusudi kuugusa, kwa sababu jioni ningeondoka na mwenye kubaki naye ni baba.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: nenda nyumbani kwa mgonjwa. Wa pili ni huohuo, ila ukifika ongea na anayepika, kwa sababu huyo ndiye anayejua dawa inamezwa au inatupwa.

Haya sikuyabuni mimi. Mwaka 1960 daktari wa Kinorwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, huko Ulanga mkoani Morogoro; na kwetu kifafa nacho huletwa kwa sisi wa akili. Aliwakuta Wapogoro wenye kifafa wakila peke yao, na mtu akiangukia motoni wenzake wanaogopa kumvuta kwa kuhofia mate yake. Aliwapa fenobabitali, dawa ya kifafa ya bei ya chini kabisa, na akawa anawafuatilia. Aliendelea kurudi hata baada ya kuwa daktari wa akili huko Kanada. Watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kama wanaosinzia aliwaelezea kwenye maandishi yake tangu miaka ile ya 1960, na leo watafiti wanahusisha kifafa cha Mahenge na ugonjwa wa usubi, yaani upofu wa mtoni. Mnaokimbilia semina, someni habari za mama huyu kwanza. Na mjue kwamba fenobabitali ikikatika ghafla, degedege hurudi kwa nguvu, pengine mfululizo mpaka mtu afe. Kliniki inayoishiwa dawa katikati ya mwaka inaumiza kuliko ambayo haikufunguliwa. Pigania stoo yako, hata ukiitwa msumbufu. Mimi nimeitwa.

Na Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria? Mwaka 1954, pale Aro karibu na Abeokuta, aliwapangishia wagonjwa kwa wanakijiji, kila mmoja na ndugu yake wa kumwangalia. Walitibiwa hospitali, muda mwingine wakalima na wenyeji. Waganga wa jadi hakuwafukuza, alifanya nao kazi. Huyo "dokta wa vichaa" akaja kuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Mjomba, natumaini unasoma.

Vijana wa siku hizi mnataka ofisi yenye kiyoyozi na wagonjwa wa bima. Sawa, nao wanahitaji daktari. Lakini msijiite madaktari wa jamii kama hamjui njia ya kwenda kwa mgonjwa wakati wa masika. Nendeni majumbani! Mganga mkimkuta huko msigombane naye, muombeni tu asiwazuie watu kumeza vidonge.

Sasa wewe uliyeniandikia: usibishane na baba mezani. Siku ya kliniki ya kifafa mlete, akae kwenye benchi na wazazi wenzake mpaka foleni iishe. Ukiwa Morogoro hii, nauli yake nalipa mimi.