Kabla hujanunua kompresa kubwa, cheki mpira wa upepo

Mkuu umesema gani (ile bunduki ya kupulizia rangi) inatema mate, boneti inatoka kama ganda la chungwa, na fundi mwenzio hapo Nala, Dodoma, kakwambia kompresa ya lita 100 ni ndogo utafute nyingine. Subiri kwanza. Mi nimepiga rangi gereji za Kizota miaka tisa na huo mkenge nilishauingia, nikakopa hadi kikoba nikanunua mashine kubwa, gani ikaendelea kutema vilevile.

Kumbe ni mpira. Nilikuwa na ule wa plastiki wa robo inchi, mita 20 na ushee. Geji ya kwenye kompresa inasoma 60 psi (kipimo cha presha) nami najua napiga kwa 60. Siku hiyo jamaa akanifungia geji ndogo kwenye mkia wa gani, pale mpira unapoingia, akasema haya, bana triga. Mshale ukashuka hadi 30 hivi naona kwa macho yangu, nikiachia unarudi 60! Upepo ukiwa umesimama presha iko sawa kote, ukianza kutembea ndo unapotelea njiani, na njia ikiwa nyembamba na ndefu unapotea mwingi. Kwa hiyo pima huku umebana, vinginevyo unajidanganya.

Chukua mpira wa 3/8 (milimita 10 hivi) na hicho ni kipimo cha tundu la ndani, muuzaji atakusifia unene wa nje we chungulia tundu. Uwe raba kabisa, maana hizi asubuhi zetu za mwezi wa saba plastiki inakakamaa kama fimbo, na ukiiacha juani inapasuka mapema.

Halafu kapla, kile kiungio cha kuchomekea mpira. Unaweza weka mpira mnene ukafunga kapla yenye katundu ka sindano, umerudi kulekule, hasa kama gani yako ni HVLP, zile za presha ndogo upepo mwingi, zinakula upepo balaa. Na uzi nao uangalie, ziko aina mbili zinazofanana, robo inchi ya BSP ina meno 19 kwa inchi, ya NPT ina 18, zinaingia mizunguko miwili mitatu zinagoma, ukilazimisha na spana umeua vyote viwili. Tepu nyeupe zungusha kufuata uzi unavyokaza, jino la kwanza liache wazi vipande visiingie kwenye gani. Ukimaliza paka povu la sabuni uone panapochemka. Na ule waya wa kufungia nondo watu wanaoweka badala ya klipu, toa.

Maji pia. Watu wanasema Dodoma kavu hakuna maji, wapi, hewa ikibanwa inapata moto, ikija kupoa ndani ya mpira inaacha maji, ndo hivyo vitone kwenye rangi. Fungulia koki ya chini ya tangi kila jioni, na chujio usilibandike kwenye kompresa, liweke mbali kidogo upepo ushapoa.

Ukija kupata kazi za ukuta huko Mtumba za mashine ya airless (inasukuma rangi yenyewe bila upepo), hayo mengine yote yasahau. Ile inafika psi 3,000, mpira ukitoboka hauungwi kwa klipu, unatupwa, na usipapase kwa kidole kutafuta panapovuja. Dogo mmoja nilimdaka mkono akiwa anataka kupapasa. Rangi inapenya ngozi, kidonda kinaonekana kama umechomwa na mwiba tu ila ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, mara nyingi wanapasua.

We anza na geji kwenye mkia wa gani, kisha uniambie ukibana inasoma ngapi na mpira wako una mita ngapi.