Kitako cha bunduki ya urithi: osha kwanza, msasa uje mwisho

Wewe uliyeachiwa shotigani ya marehemu babu, unatazama kitako kilichogeuka cheusi, kinanata na kimejaa mikwaruzo, najua mkono unakuwasha kushika msasa. Subiri. Mimi ni seremala, na vitako vingi vinavyoniumiza roho havikuharibiwa na uzee. Viliharibiwa na mjukuu mwenye haraka, kwa mapenzi kabisa.

Kabla ya mbao, karatasi. Bunduki hairithiwi kama shamba: leseni ilikuwa ya marehemu, si ya ukoo. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Nenda polisi, toa taarifa ya kifo, fuata utaratibu mpaka umiliki uwe kwa jina lako. Kitako kitasubiri.

Ukishakuwa na haki ya kuishika, fungua mtambo, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, pitisha na kidole. Risasi zikae chumba kingine. Kama ni ile inayokunjwa katikati ili kuingiza risasi, toa mkono wa mbele, yaani kile kipande cha mbao kilicho chini ya mtutu, na mtutu utaachia. Kitako chenyewe mara nyingi hushikwa na skurubu ndefu iliyojificha nyuma, chini ya kile kibao cha begani. Tafuta bisibisi inayojaa ufa wa skurubu bila kucheza, vinginevyo utaula ufa huo na kovu halitatoka. Skurubu ikikataa, au bunduki ikiwa na mitambo ubavuni, ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Usibishane nayo.

Sasa osha. Kitambaa kilicholowa tapentaini kidogo, sugua kwa kufuata nyuzi za mbao, kikichafuka badilisha. Kinachotoka ni jasho, moshi na mafuta ya mikono ya miaka mingi. Mara nyingi chini yake utakuta mbao nzuri ya jozi ambayo haikuhitaji kitu kingine. Kwenye vile vijimistari vilivyochongwa vikikatana pale mkono unaposhika, tumia mswaki. Msasa usifike hapo kamwe.

Sehemu inayosumbua zaidi ni ile inayogusana na chuma. Watu hudhani weusi wake ni uchafu au mbao imeoza. Ni mafuta ya bunduki, yaliyoshuka kutoka kwenye mtambo na kunyweka ndani kwa miaka. Usiyapuuze, kwa sababu mbao iliyolowa mafuta hulainika, na ni hapohapo pigo la kila risasi linapotua. Ndiyo maana nyufa huanzia hapo. Changanya unga wa chaki nyeupe na spiriti mpaka uwe uji mzito, paka, acha ukauke. Chaki itageuka kahawia. Ipanguse, paka tena, rudia mpaka ibaki nyeupe. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko na sigara.

Mabonyeo huinuka kwa mvuke. Weka kitambaa chenye maji juu ya bonyeo, gusisha pasi ya moto kidogo, ondoa, tazama. Nyuzi zilizobanwa zitavimba na kurudi. Ila zikiwa zimekatwa hazitarudi, na mkato huo uache. Mvuke hutibua vanishi, kwa hiyo fanya hivi pale tu ulipokwisha kuamua kupaka upya.

Msasa, kama bado unauhitaji, uwe laini, namba 400, ukiwa umezungushwa kwenye kibao, na usiusogelee ukingo unaokutana na chuma. Mtengenezaji aliacha mbao ikiwa juu ya chuma kwa unene mdogo sana. Ukiilamba, chuma kitachomoza na ukingo utakuwa mviringo, na mbao hairudishwi. Herufi alizochora babu, na ile sehemu iliyolainishwa na shavu lake, kwangu mimi ni mali. Ukiziondoa, umebaki na bunduki kuukuu tu kama za wengine.

Kupaka: mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo dukani huitwa linsidi. Matone machache kwenye kiganja, sugua mpaka mbao ipate joto, kisha futa yote yanayofutika. Ngoja ikauke kabisa ndipo urudie. Tanga au Mombasa wakati wa masika itachukua siku kadhaa, vumilia. Ukipaka nene ili umalize haraka, kitako kitanata mpaka mwakani.

Nisikilize vizuri kuhusu vitambaa vya linsidi. Mafuta haya yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa na kutupwa kwenye ndoo ya takataka kinaweza kushika moto chenyewe, bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vizamishe kwenye maji.

Ukishairudisha pamoja, chuma kipake mafuta membamba tu. Usiku ule wa kwanza iegemeze ndani ya kabati lake la kufuli ikiwa mtutu chini, ili mafuta ya ziada yashukie mdomoni badala ya kurudi kwenye mbao uliyotoka kuikausha. Na usiifungie kwenye ala ya ngozi kwa muda mrefu, maana ngozi hutunza unyevu.