Usiwashe AC Kwa Sababu Mwenye Nyumba Amesimama Mlangoni

Kijana mmoja anayejifunza kazi yetu ameniandikia: "Kaka shikamoo. Wateja wananiambia nafunga AC kama najenga ghorofa. Kuna fundi mwingine anamaliza kwa saa moja na baridi inatoka. Mimi nikiwasha pampu ya vakyumu tu, wanaanza kutazama saa. Nipunguze wapi? Na pampu ninunue ya aina gani?"

Marahaba mdogo wangu. La pampu nitalijibu mwishoni. Hili la kupunguza limenigusa mahali panapouma, kwa hiyo nivumilie.

Niliwahi kupewa nyumba nzima na bwana mmoja, simtaji. Mashine kadhaa, zote mpya, bado ziko kwenye maboksi. Kwa fundi anayejitegemea unajua kazi ya namna hiyo ina maana gani: unaanza kuhesabu madeni utakayoyamaliza kabla hata ya kutoboa ukuta. Nikaanza na sebule. Nikapima, nikatoboa, nikaning'iniza mashine ya ndani, nikapiga flea (kutanua mdomo wa bomba la shaba ili nati iukamate), nikaunganisha, nikapima kwa naitrojeni, haivuji. Nikafunga pampu. Pampu inanguruma pale chini ya dirisha, yule bwana akaja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Fundi, hiyo inafanya nini?"

"Inatoa hewa na unyevu ndani ya mabomba, mzee."

"Inatoa hewa. Na AC yenyewe inawaka lini?"

Nikamweleza vizuri kabisa. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa mbali. Jioni sebule ikapoa, akanilipa ya sebule, akaniambia atanipigia. Vyumba vilivyobaki alipewa mwenzangu, ninayemfahamu vizuri, ambaye hana pampu na wala haoni haja yake. Yeye hufungua valvu ya mashine ya nje kidogo, gesi inapuliza hewa itokee kwenye nati aliyoilegeza upande wa pili, anakaza, anawasha. Vyumba vyote vikapoa siku hiyohiyo.

Hilo ndilo lililoniuma. Zingegoma kupoa ningelala usingizi. Zilipoa, na mimi nikaonekana mtu wa kupoteza muda.

Msimu wa joto uliofuata simu ikalia. Chumba kikubwa hakipoi, mashine ya nje inajaribu kuwaka kisha inakata breka. Nikaenda. Nilipokusanya gesi iliyobaki na kufungua bomba, ile harufu kali ya kuungua ikanipiga puani, na mafuta yaliyodondoka kwenye kitambaa yalikuwa meusi, wakati mafuta ya kompresa mpya, ile pampu ya mashine ya nje inayosukuma gesi, huwa angavu. Kompresa imeungua. Nakiri jambo ambalo mafundi hatulisemi hadharani: nilifurahi. Nilikishika kile kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili mwenye nyumba akione. Na sebuleni, mashine yangu ilikuwa ikipuliza baridi kama siku ya kwanza. Sikusema neno. Nilimwacha asimame chini yake.

Sasa kwa nini ile ilikufa. Hewa ya chumbani ina maji hata kama huyaoni. Mashine za zamani za gesi ya R22 zilitumia mafuta ya madini, ambayo hayana tamaa kubwa ya maji, na ndiyo maana tabia ya kupuliza kwa gesi ilidumu miaka mingi bila kuwaumbua watu haraka. Gesi za siku hizi, R410A na R32, zinatembea na mafuta mengine ya kutengenezwa, mengi ya jamii ya esta, na haya yanafyonza unyevu hata ukiacha tu chombo wazi. Maji, mafuta hayo na joto la kompresa vikikaa pamoja vinazaa asidi, na asidi inakula vanishi ya waya za mota. Hewa nayo haigeuki kuwa kimiminika kwenye kondensa, yale mabomba ya mashine ya nje yanayotoa joto, kama gesi inavyofanya. Inajibana pale, presha inapanda, kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi na kula umeme zaidi. Yote haya yanatokea huku chumba kinapoa na mteja anakusifu.

Pampu ya vakyumu watu wengi wanadhani inafyonza maji. Haifyonzi maji. Inashusha presha mpaka maji yachemke yenyewe kwa joto la kawaida, halafu inavuta mvuke. Presha hiyo tunaipima kwa mikroni, na presha ya hewa usawa wa bahari ni mikroni 760,000, na hapo maji huchemka kwa nyuzi 100. Ukishusha hadi karibu mikroni 24,000, maji yanachemka kwa nyuzi 25 tu. Sisi tunashuka mpaka chini ya mikroni 500 ili yasibaki. Na hapa ndipo wengi wanapojidanganya kwa geji ya bluu ya manifoldi (ile seti ya kawaida ya geji na mipira ya kupimia presha): mshale ukifika -30 umefika mwisho wa uwezo wake, haujui tofauti kati ya mikroni 5,000 na 500. Nunua geji ya mikroni. Ukishafika 500, funga valvu, zima pampu, subiri, tazama namba. Ikipanda kidogo na kutulia chini ya 1,000, uko salama. Ikipanda ikatulia juu zaidi ya hapo, unyevu bado upo, endelea kuvuta. Ikipanda bila kusimama, kuna mahali panavuja, na kuvuta hata hadi usiku wa manane hakutaziba tundu.

Tundu lenyewe mara nyingi liko kwenye flea. Kazi ya kutoboa ukuta, braketi na pima maji unaijua, sitakuchosha. Kumbuka tu tundu la ukuta lielekee chini kwa upande wa nje na bomba la maji lishuke njia nzima, angalau sentimita moja kwa kila mita, bila kuinuka popote katikati. Lakini flea tuizungumze. Kata bomba kwa kikata bomba, si msumeno, maana msumeno unaacha unga wa shaba. Kwangua ukingo wa ndani huku mdomo wa bomba umeelekea chini ili vipande vidondoke sakafuni visiingie ndani. Vaa nati kwanza (utacheka, lakini hakuna fundi asiyewahi kupiga flea nzuri kisha akaiona nati imelala mezani inamtazama). Ukishapiga, washa tochi uitazame: uso uwe laini na unaong'aa, upana sawa pande zote, pasiwe na ufa wala mkwaruzo. Una shaka, kata, rudia. Bomba la ziada ni rahisi kuliko gesi. Paka tone la mafuta ya kompresa usoni, anza kufunga kwa vidole mpaka nati izunguke yenyewe bila kupinda, kisha malizia kwa spana mbili, moja inashika na nyingine inakaza. Ukiwa na spana ya kupimia nguvu, bomba la robo inchi linataka kiasi cha Nm (nyutonimita) 16, la inchi tatu ya nane (3/8) karibu 38, la nusu inchi karibu 55. Kitabu cha mashine kikisema tofauti, kifuate kitabu. Anayekaza kwa hasira anapasua flea, na inaanza kuvuja yeye akiwa ameshaondoka.

Kabla ya vakyumu, naitrojeni. Ingiza kidogo kwanza, sikiliza, kisha panda taratibu kwa regyuleta, usivuke presha iliyoandikwa kwenye lebo ya mashine. Paka povu la sabuni kila kiungo na uache presha ikae. Narudia kwa wale wanaobeba mtungi wa gereji kwa sababu uko karibu: usitumie oksijeni kabisa. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka, na hapo hatutazungumza tena habari ya AC. Hewa ya kompresa ya kujazia matairi nayo hapana. Utakuwa umejaza maji uliyokuja kuyatoa.

Umeme nitaupitia haraka. AC ipewe njia yake kutoka kwenye boksi, breka inayolingana na lebo, waya wa unene unaotakiwa, na waya wa ardhi unaofika kweli ardhini. Namba za waya za ndani na nje zilingane, moja kwa moja, mbili kwa mbili. Ukikosea waya wa mawasiliano kati ya mashine ya ndani na ya nje unaweza kuua bodi kabla haijawahi kupoza chochote. Na kwenye inveta, yaani AC ambayo bodi yake inabadilisha kasi ya kompresa, hata ukikata umeme, kapasita za bodi ya nje zinabaki na chaji. Subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko na upime kabla hujaingiza vidole.

Haya, tumefika pale kijana wangu anaposhindwa. Vakyumu imekaa, waya ziko tayari, mwenye nyumba yuko mlangoni na rimoti ameshaitoa kwenye plastiki. Usimpe nafasi. Valvu za mashine ya nje bado zimefungwa, na kompresa ikiwashwa ndani ya vakyumu inaweza kupiga cheche kwenye vituo vyake vya umeme na kuungua, kwa kuwa ni gesi na mafuta vinavyoipoza na kuikinga. Kwa hiyo breka iwe chini, na ikiwezekana funguo ya boksi iwe mfukoni mwako. Fungua valvu ya bomba jembamba kidogo kwa ufunguo wa pembe sita, gesi iingie ijaze mabomba. Ondoa mpira wa geji. Pitisha povu mara ya mwisho kwenye kila nati. Kisha fungua valvu zote mbili mpaka mwisho, rudisha vifuniko na uvikaze, maana vifuniko vile ni sehemu ya kuziba, si mapambo.

Mashine huja na gesi ya urefu fulani wa bomba. Ukizidisha urefu, soma lebo uone ni gramu ngapi kwa kila mita ya ziada, uongeze kwa mizani. R410A ni mchanganyiko wa R32 na R125 nusu kwa nusu, kwa hiyo itoke mtungini ikiwa kimiminika, la sivyo mchanganyiko unapotoka. R32 inashika moto, si kwa wepesi wa gesi ya kupikia, lakini inashika: fungua madirisha, hakuna sigara, hakuna tochi ya kuchomelea karibu. Na usichanganye gesi mbili kwenye mashine moja, hata mteja akikuapia kwamba fulani alifanya na ikapoa. Kila kitu kinapoa siku ya kwanza. Nimeshasema.

Sasa pandisha breka, weka kwenye kupoza, nyuzi za chini kabisa. Kompresa inaweza kukaa kimya kama dakika tatu, hiyo ni kinga yake, usianze kufungua vifuniko. Iache ifanye kazi robo saa au zaidi. Pima hewa inayoingia mashine ya ndani na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 hivi inaridhisha mara nyingi. Pima ampea kwa klampu mita, linganisha na lebo. Mwaga maji kwenye sinia la ndani uone yanatoka nje na si ukutani. Andika namba zote, pamoja na mikroni ulizofikia, kwenye karatasi umwachie mteja nakala. Mimi nazibandika ndani ya kifuniko cha mashine ya nje. Mafundi wenzangu wananicheka kwa hilo, wacheke.

Ndugu zangu mnaotaka jina katika kazi hii, mteja hatakuja kujua vakyumu ni nini, na hana wajibu wa kujua. Wewe ndiye unayejua. Ukimwachia yeye aamue ni lini pampu izimwe, basi ampe mtoto wake afunge. Vuta vakyumu. Wakitazama saa, vuta. Wakikupa chai, kunywa, huku pampu inavuta. Wakikutajia fundi wa saa moja, waambie ni mwepesi, huo ni ukweli, kisha urudi kwenye geji yako. Siku hizi mimi namwambia mteja tangu tunapopatana bei kwamba kuna muda mashine itanguruma chini ya dirisha bila baridi, na kwamba muda huo umo ndani ya bei. Asiyekubali, tunaagana kwa amani. Yule bwana wa vyumba vingi, kwa taarifa yenu, baadaye alikubali, tena bila kuuliza mashine inafanya nini.

Na pampu, mdogo wangu: chukua ya hatua mbili (inayovuta hewa kwa awamu mbili mfululizo), si ya hatua moja, na kama utagusa R32 hakikisha imeandikwa kuwa inafaa kwa gesi zinazoshika moto. Ukubwa wa pampu usikusumbue sana kwa AC za nyumbani. Mpira mnene na mfupi unaokoa muda zaidi ya pampu kubwa yenye mpira mwembamba na mrefu. Toa sindano za ndani ya valvu unapofunga mpira, kwa kifaa chake, kabla ya kuvuta, zinabana njia. Mafuta ya pampu yatazame kwenye kioo chake kila kazi, yakigeuka meupe yameshika maji, yamwage ungali kwenye kazi hiyohiyo, uweke mapya, uendelee.