Siagi inanuka ajabu: itumie au itupe?

Dada, hiyo siagi yako ya wiki tatu usiitie kwenye keki bado. Itazame kwanza. Ukiona ukungu, hata doa dogo, usionje wala usikwangue, tupa yote.

Kama haina ukungu, kwangua ule upande wa juu kisha nusa ya ndani. Siagi hunyonya harufu za friji upesi sana. Ikiwa ilikaa wazi jirani na kitunguu au samaki, huenda ni juu tu panaponuka na ndani ni nzima. Hiyo tumia bila wasiwasi.

Ila kama hata ya ndani ina harufu ya matapishi au ya rangi ya mafuta, na ukiigusisha kwenye ncha ya ulimi inaacha ukali, basi imechacha. Hewa, mwanga na joto vimeshaharibu mafuta yake. Kuionja kidogo hakutakuumiza, lakini usiipikie, tafadhali: moto hauondoi ladha ile, na utapoteza mayai na unga bure.

Siku nyingine ifunge vizuri kwa foili. Isiyo na chumvi huwahi kuharibika, kwa hiyo usiyoitumia karibuni iweke kwenye friza.