Filamu fupi ya pangoni: tulivyompoteza mbuzi, tukapoteza na mlango

Mleta uzi, umesema mko watano, mwaka wa pili, mna simu mbili nzuri na laki nne, mnataka kutengeneza filamu fupi ya safari ya hatari ya dakika kumi, na hamjui muanze na skripti, vifaa au mahali. Waliotangulia hapo juu wamekushauri ununue vifaa. Mimi nitakueleza yaliyotukuta sisi, uone mwenyewe laki nne yako iende wapi.

Mwaka 2023 tulikuwa sita, kazi ya mwisho wa muhula. Hadithi yetu ilikuwa hivi: kesho ni Idi, babu kalala usingizi wa mchana, mbuzi aliyenunuliwa kwa ajili ya sikukuu anakata kamba na kuingia pangoni. Wajukuu wawili na binamu yao wanamfuata ili wamtoe kabla ya adhana ya alasiri kumwamsha mzee. Basi, hakuna hazina wala majambazi. Nakushauri nawe utafute jambo dogo la namna hiyo lenye saa inayokimbia, maana dakika kumi hazibebi zaidi ya hapo.

Tukachagua Mapango ya Amboni, kilomita kama nane kutoka Tanga mjini, njia ya kwenda Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa, mengi, lakini linaloingiwa na wageni ni moja. Ndani kuna giza, popo, na vichochoro vya kupita kwa magoti. Watembezaji wanakusimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya mkoloni, halafu wanakuonyesha njia inayosemekana inatokea Mombasa (hiyo ya Mombasa ichukue kama hadithi tu). Tukaona mahali penyewe pana filamu tayari, sisi ni kuweka kamera na kurekodi. Hapo ndipo tulipojidanganya.

Toleo la kwanza lilitoka dakika 17. Nikamwonyesha mama yangu sebuleni. Watoto wanatambaa, wanalia, tochi inazima, popo wanaruka. Mama katazama yote, kisha akauliza: "Sasa si watoke tu?"

Mkuu, swali hilo liliniuma wiki nzima. Kwa sababu sisi tuliokuwepo tulijua kutoka haiwezekani, kwamba wameshapita kona nne na kichochoro kimoja cha kubanana. Mama hakujua. Kwake yeye lilikuwa jiwe jeusi, kisha jiwe jeusi, kisha jiwe jeusi. Mtu asipojua mlango uko umbali gani, haogopi, anachoka tu. Kwa hiyo kila nitakachokwambia hapa chini kinazunguka swali moja: mtazamaji anajua mlango uko wapi?

Anza na mahali, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa maneno. Nenda na daftari. Chora ramani kwa mkono: hapa tunaingia, hapa mwanga wa jua unaishia, hapa dari inashuka, hapa pana nafasi ya kusimama watu wanne na kamera. Sisi skripti tuliandikia chumbani Dar, kurasa 11, tukafika Tanga tukakuta nusu ya mambo tuliyoyaandika hayawezekani. Tuliandika mbuzi anakimbia ndani ya pango. Mlinzi akatusikiliza kwa heshima, kisha akasema mbuzi haingii. Eneo la urithi, tena wapo watu wanaoingia kufanya tambiko. Alikuwa na haki, na sisi tulipaswa kuuliza kwa simu wiki mbili kabla.

Ila kukataliwa huko ndiko kulikotupa sini bora ya filamu nzima. Mbuzi tulimkodi kijijini, elfu kumi na tano, tukampiga picha akiwa kichakani anageuza kichwa. Ndani ya pango hatukumwonyesha hata mara moja. Tuliweka sauti yake tu, akilia kwa mbali, kila mara ikitokea upande ambao watoto hawautarajii. Watu waliotazama wanaapa walimwona mbuzi gizani.

Vibali nipite haraka. Kuna Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na hata mwanafunzi asijifanye haimhusu. Chukueni barua ya chuo, mkaulize wenyewe ada za sasa. Mahali kama Amboni, ada ya kuingia kama mgeni na ruhusa ya kurekodi filamu ni vitu viwili tofauti. Droni achaneni nayo: inataka kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na mlolongo wake, na filamu yenu haiihitaji.

Hela zetu, ukiacha ada na vibali, zilikwenda hivi: nauli za watu sita kwenda na kurudi 240,000, chakula 110,000, kukodi maiki mbili za kubana shatini na taa moja 80,000, bodaboda na bajaji 45,000, na huyo mbuzi 15,000. Jumla 490,000. Kulala tulilala kwa shangazi wa mwenzetu, Ngamiani, bila yeye tungerudi siku hiyo hiyo. Angalia nauli ilivyokula nusu. Kama kwenu kuna korongo, machimbo ya mchanga yaliyoachwa, au hata jengo lisiloisha lenye ngazi za giza, rekodini hapo, nauli igeuke siku ya tatu ya kurekodi. Siku ya tatu ina thamani kuliko lokesheni yenye jina.

Sasa kurekodi gizani kwa simu. Tumia lenzi kuu, siyo ile ya upana. Lenzi ya upana kwenye simu nyingi inapokea mwanga mdogo na picha inajaa chenga. Zima kila kitu kinachojiendesha chenyewe: funga fokasi, funga mwanga, funga rangi. Usipofunga, simu itahangaika kutafuta fokasi kila tochi inapopita. Wekeni fremu (yaani picha) 25 kwa sekunde na shata, muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni hezi 50 na kwenye vyumba vyenye taa za umeme hutaona picha ikipepesa. Tochi za bei rahisi nazo zijaribuni nyumbani kwanza. Nyingine zinawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kamera inaona, unapata mistari myeusi inapanda na kushuka. Sisi tulinunua nne, tukatupa mbili.

Taa usiiweke karibu na kamera. Ukimulika kutoka kwenye kamera, pango linakuwa ukuta bapa kama wa choo. Iweke mbele ya waigizaji, nyuma ya kona wanayoiendea, au nyuma yao, ili mawe yapate kivuli na jicho lione kina. Uso wa mwigizaji mnaupata bure: mpe tochi mkononi, mwambie amulike daftari jeupe au kanzu ya mwenzake, mwanga unarudi usoni laini kabisa. Popo msiwamulike juu, mtembezaji wetu alilirudia hilo mara tatu, na tulipomsahau tulijua kwa nini.

Unyevu nao. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia pangoni, lenzi inaota ukungu. Subirini robo saa simu izoee, na mtu mmoja kazi yake iwe kitambaa.

Na kila mnapohamia sehemu mpya, kabla hamjachukua uso wa mtu yeyote, chukueni shoti moja mkiangalia mlikotoka. Kwenye ramani yako weka alama ya mlango, kisha amua: kwenda ndani watoto wanaelekea kulia kwa skrini, kutoka wanaelekea kushoto. Msibadilishe hata kama mwanga ni mzuri zaidi upande wa pili. Sisi mpiga picha wetu, kijana mzuri sana, alivuka upande kila alipoona kivuli cha kupendeza, na kwenye uhariri watoto wakaonekana wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka, kama daladala.

Shoti za mlango tulikuwa nazo. Mdomo wa pango kwa nje, kisha kwa ndani, mwanga unabaki kama sahani, kisha kama sarafu. Jioni ya kwanza, pale kwa shangazi, mwenzetu akahamisha faili kutoka memori kadi kwenda laptopu. Nimesema akahamisha, hakunakili: alikata na kubandika. Katikati umeme ukakatika, na betri ya laptopu ile ilikuwa pambo tu. Klipu 11 zikapotea, na kati ya hizo ndizo zote za mlango. Tukafarijiana kwamba siyo muhimu, tuna za popo. Kesho yake jioni tukapanda basi. Tanga wenyewe wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Sisi tulikuja leo, tukaondoka kesho yake, bila mlango.

Kwa hiyo: nakili, usikate. Nakala ya pili kwenye diski nyingine, kadi isifutwe mpaka mfike nyumbani. Kadi ya pili ni bei ya sahani chache za chipsi mayai.

Baada ya lile swali la mama hatukuwa na nauli ya kurudi. Tukachukua kaniki, tukaikata tundu la ukubwa wa sahani, tukaibana kwenye dirisha la stoo ya chuo saa nne asubuhi, chumba kizima tukakifunika giza. Kamera karibu na tundu: mlango mkubwa. Kamera rudisha nyuma hatua sita: mlango mdogo. Mwisho wa chumba: nukta. Mbele ya tundu tukapitisha vichwa vya waigizaji wetu, na unga kidogo wa ngano hewani uwe vumbi. Shoti tatu, asubuhi moja, gharama elfu tisa. Tukazipanda sehemu tatu za filamu, na ghafla kila jiwe jeusi likawa na anwani.

Kazi iliyobaki ikafanywa na sauti, na hapa ndipo ningeweka hela zako, mkuu. Maneno rekodini kwa maiki ya karibu, kavu, bila mwangwi mwingi. Mwangwi mtauongeza wenyewe kwenye uhariri: kidogo mlangoni, mwingi kadiri wanavyozama. Kila mahali mkimaliza, wote wanyamaze dakika moja, mrekodi ukimya wa pale tu. Mlangoni utapata ndege na nyenje, kona ya pili nyenje kwa mbali, ndani kabisa tone la maji. Ukizipanga hizo kwa utaratibu, mtu aliyefumba macho atajua wako umbali gani. Nyayo zetu nyingi tulizitengeneza nyumbani, mkaa na kokoto ndani ya beseni.

Kama sauti mnairekodi kwenye kifaa kingine, pigeni makofi mbele ya kamera mwanzo wa kila shoti ili mpate pa kuoanisha. Halafu jihadharini: simu nyingi hazishiki fremu 25 kamili, zinapanda na kushuka zenyewe, na mwisho wa shoti ndefu mdomo unafunga kabla ya neno. Tulilaumu maiki siku tatu. Dawa ni kurekodi kwa programu inayoshikilia fremu, kama Blackmagic Camera, au kupitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadili faili za video, kuzifanya ziwe na fremu za kudumu kabla ya kuanza kuhariri. Kuhariri tulitumia DaVinci Resolve, toleo la bure linatosha kabisa. Laptopu ikilemewa, itengenezeeni klipu nyepesi za kufanyia kazi, programu yenyewe ina sehemu hiyo.

Katika kukata, msianze na rangi wala muziki. Pangeni hadithi kwanza, na mtakachokipenda sana ndicho kitakachowarefushia filamu. Shoti yetu ya popo ilitugharimu saa tatu na suruali mbili, na ilikuwa ya sekunde 40. Ilibaki sekunde nne. Toka dakika 17 tukashuka hadi nane na sekunde 40. Muziki wa mtu mkubwa msiuguse. Sisi rafiki alitupigia zumari, akalipwa wali kuku.

Mama nikamwonyesha tena. Safari hii dakika ya sita, watoto wamekwama kwenye kichochoro na adhana inasikika kwa mbali sana juu ya ardhi, akaweka kikombe chini akasema, "Watafikaje kule?" Akanyoosha kidole kushoto mwa skrini, upande wa mlango.

Skripti yenu mkiiweka hapa nitaisoma, lakini tumeni kwanza picha ya ile ramani ya daftari, mlango umewekewa alama ya wino mwekundu.